Mzigo usiopumzika: namna ya kufunga boksi la kuchajia gari la umeme nyumbani

Soketi iliyonifundisha kazi hii bado ninayo, ipo kwenye droo ya meza yangu hapa Tabata. Ni soketi ya kawaida ya 13 A, ya kuchomeka plagi mbili. Niliifunga kwa mkono wangu kwenye baraza la nyumba moja ya Tegeta, na kwa miaka minne ilibeba jokofu na pasi bila lawama yoyote. Kisha mwenye nyumba, mama mmoja mwalimu mstaafu, akanunua Nissan Leaf iliyotoka Japani. Wiki tatu baadaye akanipigia simu: "Mwanangu, ukuta wa barazani unanuka. Njoo leo, usiseme kesho."

Nilipofika nilimwamkia, akaitika marahaba huku anatembea kunipeleka barazani. Plastiki kuzunguka tundu la nyutro, waya unaorudisha umeme, ilikuwa imegeuka kahawia na kuvimba. Plagi niliing'oa kwa mikono miwili. Nilipofungua, skrubu ya nyutro ilikuwa imelegea kidogo tu, robo ya mzunguko. Waya wa 2.5 mm² ulikuwa mweusi kwa urefu wa kidole, na ganda lake ukilikunja linavunjika kama ganda la karanga.

Nikachomeka gari kwenye soketi nyingine kwa dakika chache na kupima kwa klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma mkondo wake: 14 A. Fyuzi ya 13 A iliyo ndani ya plagi haikatiki kwa 14 A, inaweza kuubeba mkondo huo usiku kucha. Breka ya 32 A nayo haioni kosa lolote. Hakuna kifaa hata kimoja kwenye njia ile ambacho kingekata umeme kabla ukuta haujanuka.

Sasa piga hesabu. Muungano uliolegea wenye upinzani wa 0.1 Ω tu, ukipitisha 14 A, unatoa joto la 14 × 14 × 0.1, yaani karibu wati 20. Wati 20 kwenye kichwa cha skrubu moja, ndani ya boksi la plastiki lisilo na hewa. Shika balbu ya zamani ya wati 25 iliyowaka dakika tano, utaelewa. Pasi inavuta umeme mwingi pia, lakini inawaka na kukata, inawaka na kukata, na soketi inapata nafasi ya kupoa. Gari linavuta 14 A saa mbili usiku na saa nane usiku bado linavuta 14 A.

Hilo ndilo ninalowaambia vijana wanaokuja kwangu kutoka chuo cha ufundi cha VETA kwa mafunzo ya vitendo, na ndilo ninalotaka ulishike kabla hujafungua sanduku la vifaa. Gari la umeme ni mzigo usiopumzika. Kila unalochagua, kuanzia unene wa kebo hadi nguvu ya kukaza skrubu, lipime kwa saa nane za mfululizo, usilipime kwa dakika kumi za majaribio mbele ya mteja.

Chaja haipo ukutani

Watu wote wanaliita boksi la ukutani "chaja". Mbele ya mteja liite hivyo, lakini kichwani mwako ujue kwamba chaja yenyewe imo ndani ya gari. Ndiyo inayopokea AC (umeme unaobadilika mwelekeo) ya 230 V na kuigeuza kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya betri. Boksi la ukutani ni swichi yenye akili: lina kontakta, yaani swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme, lina ulinzi, na lina waya mmoja mwembamba wa kuzungumza na gari. Boksi linaliambia gari kiwango cha juu inachoruhusiwa kuvuta, gari linajibu kwamba liko tayari, kisha kontakta inafunga na umeme unapita.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja linahusu gari, kabla ya boksi. Je, chaja ya ndani ya gari lake ina uwezo gani? Leaf ya yule mama ilikuwa na chaja ya kiasi cha 3 kW. Angenunua boksi la 32 A, lenye uwezo wa 7.4 kW, gari lingeendelea kuvuta 3 kW ileile na hela yake ingekuwa imepotea. Nilimshauri boksi la 16 A na likamtosha. Anaendesha kama kilomita 40 kwa siku. Gari la aina ile linatumia takriban uniti 15 (uniti moja ni kWh 1) kwa kilomita 100, kwa hiyo linahitaji uniti 6 au 7 kila usiku. Hiyo ni kazi ya saa mbili na nusu.

Viwango vyenyewe vikae kichwani. Kwa umeme wa njia moja (fezi moja), 10 A ni 2.3 kW, 16 A ni 3.7 kW na 32 A ni 7.4 kW. Kwa njia tatu, 16 A ni 11 kW na 32 A ni 22 kW. Zaidi ya hapo unaingia kwenye chaja za DC, ambazo zinaruka chaja ya ndani ya gari na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye betri yenye mamia ya volti. Hiyo si kazi ya mwanafunzi. Hata ndani ya gari, ukiona kebo za rangi ya chungwa, ondoa mkono.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61851 kinagawa uchajishaji kwa modi nne. Modi 1 ni kuunganisha gari na soketi kwa kebo isiyo na kitu chochote katikati. Usiikubali kabisa. Modi 2 ni kebo yenye kiboksi cha ulinzi katikati, inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida, na ndiyo iliyounguza soketi yangu. Modi 3 ni boksi la kudumu ukutani lenye saketi yake. Modi 4 ni DC. Kazi yako ni Modi 3, pamoja na kuwaokoa watu wa Modi 2.

Kuhusu hao wa Modi 2: magari mengi yanatoka Japani na kebo iliyoandikwa 200 V, na plagi ambayo haiingii kwenye soketi zetu. Mtu anakata ile plagi na kufunga ya 13 A. Soma kibandiko cha kiboksi kwanza. Kama hakitaji 230 V, kebo hiyo haitumiki hapa. Kama kinataja, funga soketi ya viwandani ya 16 A, ile ya buluu ya pini tatu za duara, kwa saketi yake yenyewe. Mteja asipotaka gharama hiyo na kebo yake ina kitufe cha kupunguza mkondo, iweke 10 A au chini yake, umfungie soketi mpya ya ubora kwa saketi yake, na umwambie wazi kwamba hiyo ni njia ya muda. Ekstensheni, hapana.

Midomo ya plagi

Leaf za Japani zina midomo miwili chini ya kifuniko cha mbele. Ule mdogo wa duara wenye pini tano ni Type 1, wa AC. Ule mkubwa ni CHAdeMO, wa DC. Magari ya Ulaya yana Type 2 yenye pini saba, na yanayochaji DC yanaongezewa pini mbili nene chini yake, mdomo unaitwa CCS2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yanakuja na GB/T, na hapa uwe makini: GB/T ya AC ina umbo linalofanana sana na Type 2, ila jinsia imegeuzwa. Upande ambao Type 2 ina pini, GB/T ina matundu. Nimeona kijana akijaribu kuilazimisha kwa kiganja. Piga picha ya mdomo wa gari kabla ya kununua boksi, mpelekee muuzaji hiyo picha.

Kabla ya kutoboa ukuta

Simama mbele ya mita. Soma usoni mwake kikomo cha ampea. Mita nyingi za LUKU za njia moja nilizokutana nazo zina kikomo cha 60 A. Orodhesha vizito vya nyumba: viyoyozi, jiko la umeme, hita ya maji, pampu. Kisha funga klampu mita kwenye waya mkuu jioni, saa moja hadi saa tatu usiku, wakati familia imekusanyika na kila kitu kinawaka. Nyumba inayovuta 35 A saa hiyo haiwezi kuongezewa 32 A. Una machaguo matatu: kushusha boksi hadi 16 A, kununua boksi lenye kihisi kinachokaa kwenye waya mkuu na kushusha mkondo wa gari pale jiko linapowaka, au mteja aombe shirika la umeme, TANESCO, umeme wa njia tatu. Usihesabu kwamba "hawatawasha vyote pamoja". Vitawaka vyote pamoja siku ya Idi.

Mwambie mteja pia kuhusu tarifa. Aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, akijaza betri ya 40 kWh mara mbili tu ameshavuka. Ni vizuri alisikie kwako mapema.

Na leseni. Mwanafunzi hafungi boksi peke yake. Anafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linaloruhusu kazi hiyo, naye ndiye anayesaini.

Kebo na breka

Boksi linapata saketi yake peke yake kutoka DB (sanduku la breka za nyumba), halichangii na soketi wala taa. Tuchukue boksi la 32 A. Breka yake mimi naweka 40 A, kwa sababu breka ya 32 A inayobeba 32 A saa nane ndani ya DB yenye joto, imebanwa katikati ya breka nyingine, itakata usiku wa manane na utapigiwa simu. Joto lililozoeleka kwa kupimia breka ni 30 °C. Ndani ya DB ya barazani Dar es Salaam mwezi wa Februari, kuna zaidi ya hapo.

Breka ikiwa 40 A, kebo lazima ibebe 40 A kweli. Hapa ndipo wengi wanateleza, wanasema "6 mm² inatosha" kama kasuku. Nyaya mbili za 6 mm² za PVC zikiwa ndani ya bomba ukutani, jedwali linazipa 41 A kwa joto la 30 °C. Kwa 40 °C unazidisha kwa 0.87, unabaki na karibu 36 A. Haitoshi. Nyaya zilezile zikilazwa juu ya ukuta kwa klipu zinaanza na 47 A, zikizidishwa kwa 0.87 zinabaki karibu 41 A. Zinatosha kwa nywele tu. Kwa bomba la ndani ya ukuta, weka 10 mm²: 57 × 0.87 inakupa karibu 50 A, na unalala usingizi.

Umbali nao uuangalie. Waya wa 6 mm² unapoteza takriban milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita. Boksi likiwa mita 40 kutoka DB, kwenye banda la nyuma: 7.3 × 32 × 40 ni karibu 9.3 V, asilimia 4. Kwa 10 mm², yenye milivolti 4.4, ni 5.6 V, asilimia 2.4. Kwa mitaa ambayo umeme wa nguzo unashuka hadi 205 V jioni, hizo volti nne unazookoa ni mali. Chaja nyingine za gari zinakataa kuanza volti zikiwa chini mno, na mteja atalilaumu boksi lako.

Skrubu sasa. Nunua bisibisi yenye kipimo cha kukaza. Kila breka na kila boksi limeandikwa nguvu ya kukaza kwa Nm, pengine ubavuni kwa herufi ndogo. Wewe soma, weka kipimo, kaza hadi igonge. Waya wa nyuzi nyingi uvalishe feruli, kile kimrija cha madini cha kufunika ncha, na uibane kwa koleo lake, usiibane kwa plaizi. Ukimaliza, vuta kila waya kwa mkono. Nilifanya kazi miaka kumi na zaidi nikikaza kwa "kuhisi", na robo ya mzunguko iliyopungua kule Tegeta ilikuwa ya mkono wangu.

RCCB: sehemu inayoua kimya

Kama una haraka, ruka sehemu nyingine, hii isome mara mbili.

RCCB ni swichi inayokata umeme unapovuja. Ile ya kawaida inapima tofauti kati ya umeme unaokwenda na unaorudi, kwa kutumia kiini cha sumaku. Kiini hicho kinahisi umeme unaobadilikabadilika. Chaja ya gari inatengeneza DC. Ikitokea hitilafu, DC kidogo inaweza kuvujia kwenye ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, na DC hiyo inakishibisha kile kiini. Kikishashiba hakihisi kitu. Siku mtoto akigusa waya wa laivu kwenye nyumba hiyo, RCCB iko palepale, kitasa chake kiko juu, na haikati.

Kwa hiyo aina ya RCCB ndiyo kila kitu. Angalia alama usoni mwake. Yenye wimbi moja tu la mviringo ni Type AC, na ndiyo iliyojaa madukani Kariakoo kwa sababu ni ya bei nafuu. Haifai kwa gari. Yenye wimbi na vinundu vya nusu wimbi chini yake ni Type A. Yenye hizo zote pamoja na mstari mnyoofu juu ya mstari wa vipande ni Type B. Soma kitabu cha boksi: kama limeandikwa lina kihisi cha DC kinachokata kwa 6 mA, weka Type A ya 30 mA. Kama hakuna maandishi hayo, weka Type B ya 30 mA. Muuzaji akikuambia "ndani kila kitu kipo", mwambie akuonyeshe ukurasa.

Kuna kosa jingine linalofanywa hata na mafundi wazuri. Nyumba nyingi zina RCCB moja kubwa mbele ya DB nzima, ya Type AC. Ukifunga Type B yako nzuri nyuma ya hiyo, DC itakayovuja itapita kwenye ile ya mbele na kuipofusha, nayo ndiyo inayolinda jikoni na bafuni. Njia sahihi ni kuchukua umeme wa boksi baada ya swichi kuu lakini kabla ya RCCB ile, uuingize kwenye DB ndogo ya plastiki yenye RCCB na breka zake. Lakiri ya TANESCO kwenye mita huigusi.

Ethi

Nyumba zetu kwa kawaida zinategemea ethi ya mwenye nyumba mwenyewe, rodi iliyopigwa ardhini. Kwenye video za Uingereza utasikia wakizungumzia hatari ya nyutro kukatika, kwa sababu huko nyumba nyingi ethi inatoka kwenye nyutro ya shirika la umeme. Ikikatika, bodi ya gari inapata volti. Tukiwa na rodi yetu, hatari hiyo haituhusu kwa namna ileile, ila yetu ni nyingine: rodi iliyooza, rodi ya mita moja iliyopigwa kwenye mchanga mkavu, au klampu iliyoota kutu ya chumvi ya bahari hadi haishiki kitu.

Hesabu inasema upinzani wa ardhi ukizidishwa kwa 0.03 A usizidi 50 V, yaani hata 1,667 Ω ingepita. Usitegemee hesabu hiyo. Ukizidi 200 Ω rodi haiaminiki, maana mchanga uliopimwa mwezi wa Aprili mvua zikinyesha si mchanga wa Januari. Mimi nikipata chini ya 20 Ω naridhika. Kwa maeneo ya mchanga, ongeza rodi ya pili, iwe mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa rodi yenyewe, na uziunge kwa waya mmoja usiokatwa.

Mfikirie anayeosha gari. Yuko peku, ardhi imelowa, sponji mkononi, na gari limechomekwa. Mwili wa gari umeungwa na ethi yako. Yeye ndiye unayempimia.

Boksi zuri linapima ethi lenyewe na linagoma likikosa. Hapo wapo wanaounga nyutro na ethi ndani ya DB ili boksi linyamaze, taa iwe kijani, walipwe waondoke. Boksi linapogoma linakuambia ukweli. Chukua nyundo, urudi kwenye rodi.

Kulifunga lenyewe

Weka boksi kwenye urefu wa kama mita 1.2, mahali ambapo kebo yake inafika mdomo wa gari bila kuvutwa na bila kulala njiani. Likiwa nje liwe na kinga ya IP54 au zaidi. Epuka ukuta unaopigwa na jua la magharibi, kwa sababu boksi likipata joto linapunguza mkondo au linazima. Kebo iingie kwa chini kupitia glendi (kizibo kinachoibana kebo) iliyokazwa. Tundu lolote usilolitumia lizibe. Sisimizi wanapenda joto la kontakta, na nimeshafungua boksi la miezi sita nikakuta kichuguu kidogo juu ya taminali.

Ndani kuna swichi ndogo au programu ya kuweka kikomo cha ampea. Maboksi mengi yanatoka kiwandani yakiwa 32 A. Kama kebo yako ni ya 16 A, kiweke 16 A kabla ya kufunga kifuniko, na ukiandike.

Kupima

Umeme ukiwa umezimwa: pima mwendelezo wa waya wa ethi kutoka rodi hadi pini ya ethi kwenye plagi ya gari. Litoe boksi kwenye taminali, kisha piga megga (kipima uimara wa ganda la waya) ya 500 V kwenye kebo. Kiwango cha chini ni 1 MΩ, lakini kebo mpya ikisoma chini ya 100 MΩ mimi naitafuta sababu. Ukisahau kulitoa boksi, megga itaua elektroniki zake.

Umeme ukiwashwa: thibitisha laivu na nyutro hazijapishana, pima volti, pima RCCB kwa kifaa chake. Kwa 15 mA isikate. Kwa 30 mA ikate ndani ya milisekunde 300. Kwa 150 mA ndani ya milisekunde 40. Kubonyeza kitufe cha "T" peke yake si kupima.

Kisha adapta ya majaribio, ile inayojifanya gari. Usihangaike kuitengeneza mwenyewe, inunue, kwa kuwa laivu inafika kwenye pini zake. Hapa napenda kijana apige magoti karibu nami aone kwa macho. Weka multimita kwenye DC, waya mwekundu kwenye CP, ile njia ya boksi kuzungumza na gari, mweusi kwenye ethi. Plagi ikiwa haijaingia popote, unasoma 12 V. Adapta ikiigiza gari lililochomekwa, inashuka hadi 9 V. Baada ya muda mfupi boksi linaanza kutuma mapigo, mara 1,000 kwa sekunde, kati ya 9 V juu na 12 V hasi chini. Multimita haiwezi kufuata kasi hiyo, inaonyesha wastani. Boksi la 16 A litasoma kama volti 6.4 hasi. Wanafunzi wote wanashtuka hapo, wanadhani wamegeuza nyaya. Hawajageuza. Upana wa pigo ndio ujumbe: asilimia ya muda pigo likiwa juu, ukizidisha kwa 0.6, unapata ampea zinazoruhusiwa. Asilimia 26.7 ni 16 A. Asilimia 53.3 ni 32 A. Multimita yenye kipimo cha asilimia na Hz itakuonyesha hizo namba waziwazi, na ndivyo unavyothibitisha kwamba kikomo ulichoweka kimeshika kweli.

Geuza adapta kwenye hali ya kuchaji. Sehemu ya juu ya pigo inashuka hadi 6 V, na papo hapo utasikia kontakta inagonga. Sasa pini ya laivu ina 230 V. Kabla ya mlio huo ilikuwa sifuri, na ikiwa haikuwa sifuri, boksi hilo rudisha dukani. Mwisho igiza hitilafu: CP ikigusana na ethi, kontakta lazima iachie mara moja.

Wenye bajaji na pikipiki

Hawa ni wengi kuliko wenye magari, na chaja zao ziko nje ya chombo, za 48, 60 au 72 V. Moja haisumbui. Kumi na mbili kwenye chumba kimoja zinasumbua. Zijumlishe zote kana kwamba zinawaka pamoja, kwa sababu usiku zitawaka pamoja. Ukiwa na njia tatu, zigawe sawa, lakini usimpunguzie nyutro unene: chaja za namna hii zinachafua wimbi la umeme na kuifanya nyutro ibebe mkondo hata mizigo ikiwa imelingana. Chumba kiwe na hewa inayopita, betri zisiwekwe mlangoni, wala mtu asilale humo.

Saa moja ya mwisho

Usiondoke kwa sababu tu taa imekuwa kijani. Chomeka gari la mteja lenyewe, likiwa na betri iliyopungua, uliache livute kwa saa nzima. Kunywa chai, jaza fomu. Baada ya saa, fungua kifuniko cha DB kwa uangalifu na upime joto la kila taminali kwa kipima joto cha mwanga, bila kugusa. Taminali moja ikiwa na joto linaloizidi mwenzake kwa nyuzi kumi, zima umeme, ifungue, uikaze upya.

Kwa yule mama, usiku ule, laivu ilisoma 41 °C na nyutro 42 °C baada ya saa moja ya 14 A. Namba hizo, pamoja na upinzani wa ethi, muda wa RCCB na nguvu ya kukaza, niliziandika kwa peni isiyofutika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa DB. Fundi atakayefuata ataanzia hapo.